Gari Lifungwe

2 Agosti

Wifi,

Habari za siku nyingi ni salamu ndogo kwa miaka kumi na minane, lakini sina nyingine, ipokee hiyo hiyo. Sisi wazima. Magoti yangu yanalalamika ila cherehani yangu hailalamiki, kwa hiyo bado nashona. Anwani yako nimeipata kwa binti yangu. Kumbe mnatumiana kadi kila mwaka na hajawahi kunitajia. Nimemsema kidogo, halafu nikamshukuru.

Nilijaribu simu kwanza. Mara mbili ilipokelewa, nikasikia pumzi, nikasema, "Wifi, ni mimi," ikakatwa. Ujumbe nimeupata. Ndiyo maana naandika, maana barua huwezi kuikata katikati. Unaweza kuichana, lakini mpaka hapo utakuwa umeshasoma kidogo.

Sasa shida yangu, najua hupendi kuzungushwa. Bi Mkubwa bado yuko kwenye banda nyuma ya nyumba. Utakumbuka marehemu kaka yako alilinunua gari lile kabla hajanioa na jina hilo akaliita yeye mwenyewe, hivyo mimi niliingia nyumba hii nikiwa mke wa pili kwa gari. Mwezi uliopita watu wa barabara walikuja kupima, wakachora alama nyekundu kwenye ukuta wa banda. Linavunjwa tarehe thelathini Novemba. Mnunuzi wa vyuma chakavu ameshafika mara mbili bila kuitwa. Anasema atamkata Bi Mkubwa vipande papo hapo na kumbeba kwa mkokoteni. Binti yangu anasema nikubali, gari gani hilo lisilotembea.

Mimi sitaki. Ndani ya gari hilo nilitolewa hospitali na binti huyo huyo akiwa na siku mbili. Kiti cha mbele bado kina harufu ya kaka yako, si mafuta ya nywele peke yake, ni yeye. Nataka litoke bandani kwa nguvu zake lenyewe, na baada ya hapo nitajua la kufanya.

Gereji ya njia panda walinipa fundi mwenye kompyuta. Akaizunguka injini akitafuta pa kuichomeka kompyuta yake, hakupaona, akaondoka. Fundi Baiskeli wa ng'ambo ya barabara, wewe humjui, amehamia juzijuzi, yuko tayari kunisaidia. Ila anasema injini iko wazi, vyuma vimo makoponi, na aliyeviweka ndiye anayejua. Aliyeviweka ni wewe.

Nisaidie. Najua sina haki ya kukuomba, lakini nakuomba.

Wifi yako wa cherehani


19 Agosti

Wifi wa cherehani,

Barua sijaichana. Nimeisoma mara tatu, halafu nikaenda kunawa uso.

Simu yangu ni mbovu. Usipige tena, andika. Na tuelewane mapema: kuja siji, usiniombe. Nimestaafu karakana ya reli mwaka juzi na sina hamu ya safari. Lakini chuma hakijanikosea kitu, kwa hiyo nitakuelekeza.

Funua shuka lililofunika injini. Utaona matundu manne makubwa, ndizo silinda, yamejipanga mstari. Ndani ya kila tundu kuna pistoni, ndicho hicho kitu cha mviringo utakachokiona chini. Kaka aliyapaka grisi tulipoiacha, lakini miaka ni mingi, lazima pistoni zimeshika kutu. Mimina oili katika kila tundu, uziache wiki nzima. Usigonge. Usilazimishe. Chuma kilichoshika kutu kinataka kubembelezwa.

Kifuniko cha injini, silinda hedi, kiko rafu ya juu kimefungwa kwa gunia. Bolti zake zimo kwenye makopo ya maziwa, nambari ni za mwandiko wangu. Zitoe uangalie nyuzi kama hazijaliwa.

Shida kubwa ni gasketi, ile karatasi ya chuma inayokaa kati ya injini na hedi. Ya zamani iliungua. Za gari la umri ule sijui kama bado zipo duniani. Nitauliza wazee wenzangu. Bila gasketi tumekwisha, ni bora ulijue hilo sasa.

Na jambo la mwisho, lisome vizuri: usifunge chochote mpaka nikwambie. Chochote. Ukifunga mapema utaharibu kila kitu.

Spana


6 Septemba

Wifi Spana,

Kumbe jina la Spana bado unalo. Nilidhani ukubwani watakupa la heshima.

Nimefanya yote. Oili ya gari sikuwa nayo siku ile, nikamimina mafuta ya cherehani, chupa kumi na moja. Fundi Baiskeli akashika kichwa. Mimi nikamwambia cherehani yangu ina miaka thelathini na mbili na haijawahi kushika kutu, gari ni nani. Siku ya tisa tukazungusha injini kwa ile hendeli ya mbele, pistoni moja ikasogea upana wa ukucha. Mimi nikakaa chini nikalia, Fundi Baiskeli akajifanya anatafuta kitambaa.

Nyuzi nimekagua zote. Haijaliwa hata moja. Kabati langu halina panya, na nyuzi naziweka kwenye bati lenye mfuniko. Ila sikuelewa zina uhusiano gani na bolti.

Na lile la kutofunga, wifi, nimetii, lakini nakuuliza mpaka lini. Milango ya banda iko wazi tangu barua yako ilipofika. Mvua imeingia mpaka kwenye matairi. Nimehamishia cherehani mlangoni, nashonea huko huko nikilinda. Paka wa jirani amezaa wanne kwenye kiti cha nyuma. Mnunuzi wa vyuma kapita, kaona wazi, kadhani nimekubali, kaingia na msumeno. Nilimtoa kwa mkasi wangu wa kukatia makoti. Najua mafundi mna sababu zenu, pengine chuma kinahitaji hewa. Lakini je, angalau jioni siwezi kufunga mlango mmoja?

Wifi yako wa cherehani


20 Septemba

Wifi,

Nimecheka mpaka jirani kaingia kuangalia kama nimeugua. Hakubisha hodi, au pengine alibisha. Mbavu zinauma hadi sasa.

Funga milango, mama. Funga yote, weka na komeo. Paka waache, wakikua watafukuza panya ambao huna.

Nyuzi ni ile mistari inayozunguka bolti, inayoshika nati. Ikilika, bolti inazunguka bure. Zako za bati hazihusiki.

Na kufunga. Wewe umeishi na fundi miaka ishirini, hili sikulitegemea kwako. Kwa fundi, kufungua ni kuvitoa vyuma, kufunga ni kuvirudisha mahali pake. Injini ikishafungwa ni injini nzima, imebaki kuwashwa tu. Ukimsikia fundi anasema gari limefungwa, mwenye gari anakwenda kuoga avae, maana safari ipo. Kaka alisema hivyo kila siku ya maisha yake: "Leo nafunga, kesho tunatembea." Ulikuwa humsikilizi?

Sasa endelea na hendeli, robo mzunguko kila asubuhi, mpaka izunguke yote. Safisha uso wa hedi kwa mafuta ya taa na brashi laini. Gasketi sijapata. Nimewaandikia wazee wanne, wawili wamejibu hawana, mmoja amekufa, wa nne namngoja. Muda tunao, lakini si mwingi.

Spana


14 Oktoba

Wifi,

Wiki tatu umenyamaza. Wa nne naye hana.

Kama mnunuzi wa vyuma amekwisha kuja na msumeno wake, niambie tu, sitakulaumu. Kama unaumwa, mwambie binti aniandikie. Lakini usininyamazie.

Spana


22 Oktoba

Wifi yangu,

Siumwi. Gari lipo. Injini inazunguka yote kwa mkono, laini kabisa. Nilikuwa naandika barua hii na kuichana.

Uliniuliza kama nilikuwa simsikilizi kaka yako. Uliuliza kwa utani, najua. Nitakwambia nilivyosikiliza.

Siku yake ya tatu hospitali, midomo ilikuwa imemkauka, nilikuwa namlowanisha kwa pamba. Akafumbua macho akasema, "Gari lifungwe. Mwambie mdogo wangu." Maneno hayo tu. Nikamjibu, "Litafungwa, usijali." Akatabasamu, wifi. Lilikuwa tabasamu lake la mwisho nililoliona, na miaka yote hii nimejipongeza kwamba nilimridhisha. Siku ile ile nikapita dukani, nikanunua kufuli kubwa kuliko zote, nikaenda kulifunga banda.

Tulipokwisha kumzika ulikuja na mfuko wako wa spana begani. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya nyuma. Nikakwambia, "Kaka yako amesema gari lifungwe, na mimi nimeshalifunga." Nikakuonyesha kufuli kwa kidole. Ukalitazama, ukanitazama, ukageuka. Ukaondoka na mfuko wako. Nikajiambia, anataka gari la marehemu hata arobaini haijafika.

Barua yako ya Septemba niliisoma nimesimama. Nilipofika pale, "imebaki kuwashwa tu," nikakaa. Alikuwa anakuagiza wewe ulimalize. Alitaka litembee. Na mimi nikaligeuza agizo lake kufuli.

Kuna jingine, na hili ndilo lililonichanisha zile barua. Kama ningetaka kuelewa pengine ningeelewa. Nyie wawili mlikuwa mnaingia bandani asubuhi mnatoka jioni mnacheka, mikono myeusi, na mimi mnaniachia chakula kipoe. Nilikuwa na wivu. Si wa Bi Mkubwa, huyo tulishazoeana. Wivu wako wewe. Nilipoambiwa lifungwe nikasikia nilichotaka kusikia.

Gasketi ipo. Niliikuta kwenye mfuko wa koti lake nilipokuwa nagawa nguo zake, imefungwa kwa gazeti. Nikaona ina matundu na mikunjo mizuri, nikadhani ni kielelezo cha kukatia kitu fulani, nikaiweka na karatasi zangu za kukatia nguo. Miaka kumi na minane imelala kati ya kola na mifuko. Ni mpya, haina mkwaruzo. Gazeti ni la siku nne kabla hajalazwa.

Nisamehe kama unaweza. Na kama huwezi, niambie pia, nijue.

Wifi yako


31 Oktoba

Wifi,

Nilikasirika. Siku nne sikula vizuri. Niliandika barua moja ambayo ninashukuru sikuwa na stempu.

Nikueleze upande wangu, hujawahi kuujua. Mimi ndiye niliyemchemsha Bi Mkubwa. Nilimwazima siku moja, nikaona mvuke unatoka kwenye boneti, nikajisemea nitafika tu, si mbali. Nikafika, na gasketi ikiwa imeungua. Kaka hakunigombeza. Alisema, "Tutafungua tuone." Tukafungua. Nikawa nangoja anigombeze, maana bila kugombezwa na kaka jambo halijaisha. Akaugua kabla hajanigombeza.

Kwa hiyo uliponionyesha kufuli niliona ndiyo hiyo, amenigombeza. Nilijua kwamba kaka yangu alikufa akisema mimi nisiliguse tena gari lake. Ndiyo maana nikaenda kufanya kazi mbali, kwenye treni, vitu ambavyo havikuwa vyake. Kila mwaka siku ya kufa kwake nilikuwa naomba zamu ya mchana na ya jioni, nisikae peke yangu.

Siku ya tano hasira ikanigeukia mimi mwenyewe. Wewe ni mshonaji, una haki ya kusikia "lifungwe" ukaenda kununua kufuli. Mimi ni fundi. Neno lilikuwa la kwetu, nililisikia kwa masikio yangu, na nikashindwa kuuliza swali moja: alisemaje? Ningeuliza tu, alisemaje hasa, tungekuwa tumecheka pale pale kwenye ngazi.

Alinunua gasketi. Wifi, alikwenda na homa yake ile mpaka kwenye duka la vipuri akanunua gasketi. Nimelia kwa hilo kuliko nilivyolia msibani.

Nimekusamehe. Hilo la wivu limenifanya nikupende zaidi, sijui kwa nini. Pengine kwa sababu na mimi nilikuwa na wangu. Kabla hujaja, chakula kilichokuwa kikipoa kilikuwa cha sisi wawili tu, mimi na kaka.

Haya. Sasa funga, na safari hii fanya ninavyosema mimi.

Gasketi iweke kavu, upande wenye maandishi juu. Shusha hedi polepole, watu wawili, isikwaruze. Bolti zianzie katikati kwenda nje, zamu tatu: ya kwanza kwa vidole, ya pili kwa spana fupi, ya tatu kwa spana ndefu. Ni kama unavyobana kitambaa kikubwa kwa pini, ukianza pembeni kinakunjika katikati. Hapo ndipo nakuamini kuliko Fundi Baiskeli. Mwache akaze yeye, wewe simama umwambie ipi.

Betri mpya, plagi mpya, petroli mpya. Oili ya gari, wifi, si ya cherehani.

Spana


8 Novemba

Wifi Spana,

Limefungwa. Nimeandika neno hilo polepole.

Mimi nilisimama na kalamu ya chaki, nikaandika nambari juu ya kila bolti kama ninavyoweka alama kwenye suti, na Fundi Baiskeli akakaza. Akitaka kuruka nambari nampiga rula mkononi. Anasema hajawahi kufanya kazi chini ya mwanamke mkali hivi, nikamwambia ngoja umuone wifi yangu.

Jana tukawasha. Imekohoa, ikatikisika, ikazima. Tena na tena, mara ishirini, mpaka betri ikachoka. Ikishika inadumu kama pumzi tatu hivi, halafu inakata. Fundi Baiskeli anasema hapa sasa anatakiwa mtu wa kusikiliza. Anasema injini ya zamani ina lugha, na yeye haijui.

Wifi, njoo. Ulisema usiombwe, lakini ulisema kabla ya mambo haya yote. Zimebaki siku ishirini na mbili. Binti amekwishauliza basi, anataka kukukatia tiketi. Njoo usikilize injini ya kaka yako. Kuna kitu bado kimekukaa moyoni? Kama kipo, nitakielewa. Nieleze tu, maana kunyamaza kumetugharimu.

Wifi yako wa cherehani


14 Novemba

Wifi,

Hakuna kilichobaki moyoni. Ni masikio.

Sisikii. Si kidogo, sisikii kabisa. Miaka kumi na sita chini ya nyundo na mabehewa, mwanzoni kengele, halafu pamba, halafu ukimya. Tangu mwaka juzi sisikii hata mlango. Simu zako niliona taa inawaka, nikapokea kwa mazoea, nikaikata kwa aibu. Wala sikujua ni wewe. Nilikuandikia ni mbovu kwa sababu ni rahisi kusema simu mbovu.

Hata binti hajui, nilimwomba tu anitumie kadi.

Sasa unaniita nikasikilize injini. Zamani niliweza kusimama barabarani nimeligeuzia mgongo gari likipita nikakwambia plagi ipi mbovu. Kaka alinionea fahari kwa hilo tu. Nikija sasa nitasimama pale kama mgeni wa harusi asiyemjua bwana wala bibi, nitawaangalia midomo, mtanionea huruma. Fundi asiyesikia injini ni wa nini? Ndiyo sababu siji. Sikutaka uijue, sasa umeijua.

Kwa maelezo yako nadhani ni kabureta, inanyimwa petroli. Ifungueni. Ndani mna kitu chembamba chenye ncha, kinaitwa sindano, na safari hii ndivyo kilivyo, ni sindano. Inapanda na kushuka kuruhusu mafuta. Lazima imeganda. Ioshe kwa petroli, uipitishe kati ya vidole kama unavyopima ncha ikichoka. Wewe utajua.

Spana


20 Novemba

Wifi yangu mpenzi,

Limewaka.

Sindano ilikuwa imeshikwa na utando wa njano. Niliisafisha mwenyewe, Fundi Baiskeli sikumwachia hata kuigusa, hii ni kazi yangu. Nikairudisha. Akageuza ufunguo, ikakohoa mara moja, halafu ikashika, ikanguruma, banda lote likajaa moshi, paka wakatoka mbio watano. Dakika kumi na moja nimehesabu kwa saa ya ukutani. Fundi Baiskeli alikuwa anacheka na machozi ni ya moshi, anadai. Binti alikuja mbio na sabuni mikononi, akasimama mlangoni. Yule aliyesema gari gani hilo. Akaja akalishika boneti kama anamshika mtoto paji la uso, akasema, "Mama, ni la moto." Nikamwambia ndiyo, lipo hai.

Sasa nikujibu. Barua yako imeniuma na imenikasirisha, yote mawili. Umekaa miaka miwili ndani ya ukimya peke yako, na watu wa kwenu tupo. Unaniuliza fundi asiyesikia ni wa nini. Sijui, mimi si fundi. Lakini sikukuandikia Agosti kwa sababu ya masikio yako. Niliandika gari, gari, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuandika jambo lenyewe. Nilikukosa, wifi. Nyumba hii imekuwa kubwa mno. Hakuna mtu mwingine aliye hai anayemkumbuka kaka yako alivyokuwa akikohoa kabla ya kusema uongo. Nikimtaja kwa watu wananipa pole. Nataka mtu nimtaje kwake acheke.

Basi sikuiti usikilize injini. Nakuita uje. Hata hilo gari likizima kesho, njoo.

Na kama unataka sababu ya kazi, ipo pia. Mimi sijawahi kushika usukani. Binti yangu anaogopa gia. Fundi Baiskeli anasema ujuzi wake unaishia magurudumu mawili. Tarehe thelathini wanavunja, na hakuna wa kumtoa Bi Mkubwa bandani.

Tiketi iko ndani ya bahasha hii, ya kuja na ya kurudi, binti ameona ni adabu. Nitakuwa stendi. Sitakuita kwa sauti, nitapunga kitambaa cha njano.

Wifi yako


28 Novemba, nyuma ya karatasi ya kukatia kola

Wifi,

Nimekaa garini kando yako, na kwa kuwa umefumba macho nitaandika, ukifumbua usome.

Umetutoa bandani. Ulirudi nyuma moja kwa moja ukapita kati ya nguzo mbili za banda ambazo hata mkokoteni unazigusa, ukatuleta mpaka mbele ya duka la Fundi Baiskeli, na mtaa mzima umetoka nje. Mnunuzi wa vyuma naye yupo, amevua kofia. Nilitaka kukwambia asante nikaona midomo haitoshi.

Sasa umesimamisha gari, injini inaendelea, na kiganja chako kiko juu ya dashibodi dakika nzima hakisogei. Nina wasiwasi. Kuna tatizo? Na binti anauliza pale dirishani, basi lako la kurudi ni la keshokutwa, akusindikize saa ngapi?


Wifi,

Tulia, nilikuwa nasikiliza. Mkono unasikia, sikuwa najua.

Silinda ya tatu inachelewa. Kidogo sana, nyingine zinaisubiri. Hiyo si kazi ya wiki moja, wala mbili, na mtu mwingine simwachii. Mwambie binti yetu airudishe ile tiketi, na mimi mnipe chumba chenye dirisha.